Historia au jiografia? Nina wiki tatu za kuamua (Lubumbashi)

BintiKatuba

Hamjambo wakubwa, hamjambo wadogo. Niko Lubumbashi, komini ya Katuba, miaka 19. Nimepata diploma ya Serikali mwaka huu, sekshoni ya ualimu, asilimia 61. Si mbaya, lakini si ya kuchinjiwa mbuzi. Papa amesema pesa za mwaka wa kwanza chuo cha ualimu anazo, ila za kulipia makosa yangu hana. Nikishaingia nisije kumwambia mwakani kwamba nataka kubadilisha.

Nimebaki na mbili: historia na jiografia. Zote nazipenda na hapo ndipo shida ilipo.

Historia nilianza kuipenda mwaka wa sita. Mwalimu alitusimulia mfalme M'siri wa Bunkeya, jinsi kapteni Bodson, Mbelgiji, alivyompiga risasi tarehe 20 Desemba 1891, na Bodson mwenyewe akauawa palepale. Kalasi nzima ilinyamaza, hata wale wanaouza yuniti za simu chini ya deski. Nilipofika nyumbani sikuweza kula bukari (ugali) mpaka nimemsimulia mama yote.

Jiografia nayo ilinikuta sokoni. Mama anauza makala, yaani mkaa. Nilipoanza sekondari, mchomaji wake alikuwa anakuja na baiskeli, saa tatu asubuhi ameshafika, magunia mawili nyuma, jasho mpaka kwenye viatu. Siku hizi makala inakuja na lori, na mwenye lori analala njiani. Mimi nilidhani bei inapanda kwa sababu watu ni wabaya. Ni somo la msitu wa miombo, mwaka wa tano, ndilo lililonionyesha kwamba msitu umetukimbia, au sisi ndio tumeufukuza.

Yaya wangu, mkubwa wangu wa kuzaliwa, anasema chukua jiografia, makampuni ya migodi yanataka watu wa mazingira na wa ramani, historia utawasimulia mbuzi. Mjomba anasema jiografia ni kukariri miji mikuu ya nchi ambazo hawatakupa viza. Kwenye hesabu mimi ni wa kubahatisha. Kusoma Kifaransa ninasoma haraka.

Nani alichagua mojawapo akajuta? Nani hakujuta? Ila tafadhali, msiniambie nifuate moyo. Moyo wangu umeshakwenda pande zote mbili na haujarudi.


FundiSimu

Zote hazina pesa. Njoo Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ujifunze kutoa mizigo kwenye duani (forodha), baada ya mwaka utanishukuru.


BintiKatuba

Aksanti kaka. Nitakuja na daftari langu niandike historia ya malori yanayolala kwenye foleni.


RamaniKivu

Dada, nakuandikia toka Goma. Mimi ni mtu wa jiografia na sijajuta hata siku moja, ingawa nimelala njaa siku kadhaa.

Nikupe mfano wa huku kwetu. Kuna neno mazuku. Bibi yangu alikuwa akituita tukicheza kwenye mabonde madogo kule Mugunga asubuhi na mapema: tokeni, kuna mazuku. Mbuzi walikuwa wanakutwa wamekufa humo bila jeraha lolote. Chuoni ndipo nikajua ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini kwenye mawe ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajaa kwenye shimo kama maji kwenye beseni, na mtoto mfupi anaivuta kabla ya mtu mzima. Na unajua wataalamu wa dunia nzima wanaiitaje kwenye maandishi yao? Mazuku. Neno la bibi yangu. Siku nilipoliona kwenye makala ya Kifaransa yenye michoro na vipimo nilikaa nikalitazama muda mrefu.

Ziwa Kivu nalo lina gesi chini kabisa, karibu kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Tarehe 21 Agosti 1986 ziwa Nyos la Kameruni, dogo sana mbele ya Kivu, lilitoa gesi yake usiku mmoja na watu wapatao 1,700 wakafa. Na volkano ya Nyiragongo iko juu ya vichwa vyetu. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, nilikuwa mdogo, nakumbuka tu mkono wa mama. Mei 2021 nilikuwa mkubwa, na nilipoambiwa tuhame nilitembea mpaka Sake na godoro kichwani. Njiani watu walikuwa wananiuliza: wewe uliyesoma, lava inapita wapi? Nilikuwa nazo ramani mbili kwenye simu nikawaonyesha. Hakuna aliyeniuliza mwaka gani Stanley, yule msafiri Mzungu, alipita wapi.

Hesabu usiziogope. Nilizozikuta ni wastani, asilimia na kuchora grafu. Kinachosumbua zaidi ni ordinateri (kompyuta), kwa sababu ramani za siku hizi zinachorwa humo, na kama huna yako utapanga foleni na wenzako arobaini.


MwalimuWaKipushi

Binti yangu, karibu. Nimefundisha miaka 27, mitatu ya kwanza Kipushi, iliyobaki hapa mjini. Chuoni nilitoka na historia. Siku ya kwanza ya kazi prefe, mkuu wa shule, alinipa ratiba: historia kalasi tatu, jiografia kalasi nne, uraia juu yake kama ile nyanya moja ambayo mama wa sokoni anakuongezea. Nikamwambia, Prefe, mimi ni mtu wa historia. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Ramani iko kabatini, usiichane."

Hilo ndilo yaya wako na mjomba wako hawakukuambia. Ukiwa mwalimu wa sekondari, ratiba itakupa zote mbili. Mwenye historia anapewa jiografia, mwenye jiografia anapewa historia, na mwalimu wa Kifaransa akiugua unapewa na Kifaransa. Kwa hiyo usikae usiku kucha ukidhani unafunga mlango mmoja milele. Unachochagua ni kazi utakayoifanya miaka ya chuo, na aina ya swali litakalokutoka kwanza ukikuta kitu usichokijua.

Nieleze hilo la swali, kwa sababu ndilo ninalolijua vizuri kuliko yote.

Mwaka mmoja niliwapeleka wanafunzi wa mwaka wa tano kwenye kilima cha shaba nje ya mji. Ukikulia huku unavijua vilima hivi: msitu unapanda, unapanda, halafu unakatika kama kichwa cha mzee mwenye upara. Juu ni majani mafupi tu, kwa sababu shaba iliyo ardhini inaua miti. Huko juu kuna mmea mmoja, hauvuki goti, maua yake madogo ya zambarau yamebanana kwenye ncha. Wataalamu wanauita Haumaniastrum katangense. Huo shaba haiudhuru, unaistahimili pale ambapo mimea mingine inashindwa. Wachimbuzi wa mambo ya kale wakautumia: wakiuona umeota kwa wingi mahali pasipo kilima cha shaba, wanachimba, na mara nyingi chini yake wanakuta takataka za tanuru, mahali ambapo wazee wa zamani walikuwa wakiyeyusha shaba.

Niliwapa wanafunzi ua moja moja washike, nikawaambia niliyokuambia wewe sasa. Kijana mmoja akauliza: "Mwalimu, shaba ya kiasi gani inatosha kuua mti? Na kwa nini huku chini miti imeota?" Msichana mmoja, ua lilelile mkononi, akauliza: "Hao waliokuwa wanayeyusha walikuwa watu wa nani, na waliacha lini?"

Sikumjibu yeyote kwanza. Nilijisemea tu moyoni, yule jiografia, huyu historia. (Yule kijana leo ana duka la vinywaji, kwa hiyo usinichukulie kama mganga.)

Msichana nilimjibu hivi. Waliitwa walaji wa shaba. Walikuwa wakienda kazini kiangazi, mavuno yakishaingia, wanaokota malakiti, lile jiwe la kijani, wanajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu na kuwasha makala. Kichuguu kilekile ambacho nyinyi Katuba mnakifyatulia matofali, na makala ileile ya mama yako. Shaba ikishayeyuka inamiminwa kwenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa mali: inanunua, inaoa, inazikwa na mwenyewe. Wameikuta kwenye makaburi ya zamani sana kule Sanga, kwenye ziwa Kisale. M'siri wako mwenyewe, ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara wa shaba kutoka Unyamwezi, hakuja Katanga kutafuta hewa nzuri.

Kijana naye nilimjibu vibaya. Nilikuwa sijui. Nilirudi nyumbani nikasoma wiki mbili. Hapo ujue: ukichukua historia kama mimi, jiografia utajifunza baadaye usiku, kwa taa, kwa aibu. Na wenzangu wa jiografia wamefanya vilevile kwa upande wao.

Kuna mahali ambapo hutaona tena mpaka kati ya somo na somo. Mpaka wetu na Zambia, kwa mfano. Wanafunzi wanadhani mtu alichora tu. Mimi nilikuwa nawatoa nje nawaonyesha paa la mabati la shule, namwaga kopo la maji juu ya mgongo wake. Maji ya upande huu yanaanguka kwenye uwanja wetu, ya upande ule yanaanguka kwa jirani. Mpaka wa Kasumbalesa ni mgongo wa paa hilo. Mvua ya Katuba inaingia Kafubu, Kafubu inaingia Luapula, inapita ziwa Mweru, inaingia Luvua, halafu Lualaba, inazunguka nchi nzima mpaka bahari ya Atlantiki. Mvua iliyonyesha ng'ambo kidogo inaingia Kafue na Zambezi, inaishia bahari ya Hindi. Waingereza na mfalme Leopold wa Ubelgiji walikubaliana hivyo mwaka 1894, watu ambao hawakuwahi kukanyaga Kasumbalesa. Ukisimama pale mpakani huoni mlima wowote, unaona malori.

Halafu ukifuata mgongo huo kwenda mashariki, ghafla mpaka unauacha, unapanda moja kwa moja kaskazini mpaka Luapula. Ndiyo sababu sehemu yetu ya Sakania imeingia ndani ya Zambia kama kidole kwenye bukari. Mzambia anayetoka Mufulira kwenda Mansa akitaka njia fupi, anapita kilomita karibu 70 ndani ya Kongo. Sasa niambie, hilo ni somo gani? Nimelifundisha miaka yote hiyo na kwenye daftari la masomo nilikuwa naliandika wiki moja chini ya historia, mwaka unaofuata chini ya jiografia, na inspekta hakuwahi kugundua.

Au chukua kiwanda cha shaba cha hapa mjini, kile cha cheminée (bomba la moshi) ndefu, kilichoanza kuyeyusha mwaka 1911. Sehemu kubwa ya mwaka upepo wetu unatoka kusini-mashariki. Moshi ulikwenda kaskazini-magharibi miaka mingi, na ukienda upande huo utaona ardhi iliyo uchi ambayo msitu haujairudia. Mji wa Wazungu haukujengwa huko. Ukichukua ramani ya zamani ya Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, uweke kidole kwenye cheminée, halafu ukipulizie upepo, utaelewa nani alipewa kukaa wapi. Kati ya mji wao na Kamalondo, iliyokuwa ikiitwa komini Albert, waliacha ukanda mtupu usiojengwa, wakisema ni kwa ajili ya mbu wa malaria. Mbu alipewa kazi nyingi wakati ule.

Nimesema mengi, mzee akipewa nafasi hufanya hivyo. Una wiki tatu. Wiki moja ifanye ya jiografia, moja ya historia, bila kungoja chuo.

Ya jiografia: avenyu yenu ina visima, sivyo? Chukua kamba, jiwe na rula. Pima kila kisima kina mita ngapi mpaka majini, chora avenyu kwenye karatasi, uandike vipimo. Utaona maji yako karibu wapi na mbali wapi, na pengine utaona choo cha nani kiko karibu na kisima cha nani. Hilo la mwisho usilitangaze.

Ya historia: mtafute mzee mmoja, umuulize jambo moja tu, na ukae. Usimuulize "zamani ilikuwaje." Muulize walikuwa wanapokea poso, chakula cha mgao cha wafanyakazi, siku gani, na waliibeba na nini.

Halafu urudi utuambie ni kazi gani ilikuchosha na ipi ilikusahaulisha kula. Ya yaya wako kuhusu makampuni ni kweli nusu. Nafasi hizo zipo, ila wanaozigombea ni wengi, na wengi wao wametoka chuo kikuu, kitivo cha sayansi. Wewe utatoka chuo cha ualimu. Usimwambie nimesema mimi.


KaratasiZaZamani

Nakubaliana na Mwalimu, ila niongeze moja ambalo watu wa historia wanawaficha wageni. BintiKatuba amesema anasoma Kifaransa haraka. Vizuri, lakini haraka haisaidii. Mimi hushinda siku nzima na karatasi tatu zenye mwandiko wa karani wa mwaka 1920 na kitu, wino umekula karatasi. Na karatasi nyingi za Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, haziko Lubumbashi, ziko Brussels. Usiingie historia ukidhani kila kitu kinakungoja kwenye rafu.

Kinachotungoja kiko vichwani mwa watu, na watu wa mji huu wamejua hivyo kabla ya vyuo. Mwaka 1965, maboyi wa zamani wa Elisabethville, wapishi na wafagiaji wa nyumba za Wazungu, waliandika wenyewe historia ya mji huu kwa Kiswahili. Kiswahili chao hicho cha jikoni na barazani, si cha vitabu vya shule. Waliipiga chapa kurasa thelathini na kitu wakazigawa. Profesa mmoja wa Ulaya alizipata baadaye na mwaka 1990 zikatoka kama kitabu, zikisomwa na wanafunzi wa Marekani ambao hawajui Kamalondo iko wapi. Nilipozisoma mara ya kwanza niliziona zimevurugika, miaka inarukiana, mtu mmoja anakufa mara mbili. Mara ya tatu ndipo nikaona kwamba hawakupanga kwa miaka. Walipanga kwa mabwana: bwana fulani alipofika, bwana fulani alipoondoka.

Na kama umepita kwenye uwanja wa mpira ukasikia wazee wakitaja mgomo, ni tarehe 9 Desemba 1941. Wafanyakazi walidai nyongeza, wakakusanyika uwanjani, wakapigwa risasi, makumi wakafa. Léonard Mpoyi, aliyekuwa akiwasemea, alikuwa miongoni mwao. Hesabu ya waliokufa watu hawapatani mpaka leo. Ukiwa mtu wa kutaka namba moja iliyo sawa, nenda jiografia, upime visima.


BintiKatuba

Habari zenu tena. Samahani nimechelewa, ni siku kumi na saba. Nimefanya vyote viwili kama Papa Mwalimu alivyosema, na nataka kusimulia kwa sababu haikwenda nilivyodhani.

Nilianza na visima. Yaya alinishikia kamba siku ya kwanza, siku ya pili akakimbia. Avenyu yetu kutoka kwenye kona ya mashine ya kusagia mpaka kwenye mwembe ina malupango (viwanja vya nyumba) 31, na visima 14. Nilifunga jiwe, nikapiga mafundo kwenye kamba kila nusu mita. Kisima cha kwanza, mita sita na nusu. Cha pili, saba. Cha tatu mwenyewe akasema ngoja kwanza, kaa, unajua nani aliyekichimba hiki? Nikakaa.

Jioni nilipofungua daftari nilikuwa na vipimo vinne na kurasa kumi na moja za maneno. Nikasema kesho nitajirekebisha. Kesho yake nikapima viwili nikaandika kurasa tisa. Kisima cha nane kina mita tisa, hilo nalikumbuka, kwa sababu mama mwenye lupango alisema mchimbaji alikuwa akiimba humo ndani ili wajue yuko hai, na akinyamaza tu mtoto mdogo anatumwa kwenda kumwita kwa jina. Nilirudi nyumbani nikakuta mama ameshafunga mkaa wote na mimi sikuwa nimekula tangu asubuhi.

Wiki ya pili nikaenda kwa bibi mzaa papa. Yeye alizaliwa kambini, baba yake alikuwa mfanyakazi wa mgodi. Nikamuuliza poso, siku gani, na waliibeba na nini. Akacheka sana. Akasema Jumamosi, na unga waliupokea kwenye nguo ya mama yake, kitenge kilekile, kwa sababu magunia yalikuwa yanarudishwa. Unga ukipungua nyumbani mama yake alikuwa akikipiga kitenge hicho juu ya sinia, unga uliojificha kwenye nyuzi udondoke. Akanionyesha kwa mikono yake alivyokuwa akikipiga, mara tatu, halafu akanusa hewa kama bado uko.

Nimekaa naye siku nne. Ramani ya visima bado ina mashimo, visima vitano sijapima.

Kwa hiyo nimejiandikisha historia. Papa amelipa juzi. Yaya amenunua mbuzi wa plastiki kwa watoto wa jirani, ameniwekea mezani, anasema mwanafunzi wako wa kwanza huyu. RamaniKivu usikasirike, nimehifadhi ile kamba.

Nina swali moja, Papa Mwalimu. Mama wa kisima cha nane hakumbuki mwaka kilipochimbwa. Anasema tu alimpa fundi noti moja ya milioni tano na fundi akaikataa, akataka unga na kuku wawili. Nitajuaje mwaka?


MwalimuWaKipushi

Hongera mwanangu. Huyo mama amekupa mwaka bila kujua. Pesa ndiyo kalenda ya nchi hii, andika ukurasa wa mbele wa daftari: faranga mpaka 1967, halafu zaïre na makuta yake, zaïre mpya kuanzia Oktoba 1993, faranga tena kuanzia 1998. Mtu akikuambia "nililipa makuta" unajua tayari uko wapi.

Noti ya milioni tano ilitoka mwishoni mwa 1992. Wafanyabiashara wengi waliikataa, na Januari 1993 wanajeshi waliolipwa kwa noti hizo wakaasi Kinshasa. Oktoba mwaka huohuo zaïre milioni tatu zikawa zaïre mpya moja, na noti hiyo ikaisha kazi. Basi kisima chako kilichimbwa kati ya mwisho wa 1992 na Oktoba 1993, na kwa vile fundi aliikataa, mimi ningeanzia miezi ya kwanza ya 1993. Mrudie umuulize mvua ilikuwa inanyesha? Kisima huchimbwa kiangazi, maji yakiwa chini. Kama walichimba wakati wa mvua, kulikuwa na sababu ya haraka.

Ila umuulize polepole. Miaka hiyo miwili familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga, nyingi kwa treni, na malupango mengi yalibadilisha mikono. Usianze na swali la lupango lilikuwa la nani. Anza na kuku. Uliza walikuwa wa rangi gani.

Na kila ukurasa uandike tarehe, jina la kisima, na nani mwingine alikuwepo mkiongea. Mimi sikufanya hivyo miaka yangu ya kwanza, na nina daftari nne ambazo sijui ni nani aliyekuwa akisema.


BintiKatuba

Nimerudi kwake leo asubuhi. Weupe wote wawili. Mvua ilikuwa inanyesha.